Mhariri, vijana wa kayaki wapunguziwe mawe mitegoni

Mhariri,

Salamu zako na wote walioko hapo ofisini. Naomba nafasi nizungumzie mitego ya kaa, na najua barua ikiwa ndefu mwaikata, lakini hii mkiikata tafadhali mkate mwishoni sio katikati manake katikati ndio kwenye maneno. Shida yangu ni kwamba mitego ya hawa vijana wanaovua kaa na kayaki huku kriki ya Tudor ni mizito kupita kiasi, na huo uzito wenyewe umewekwa pasipo pake, na kila mtu aona lakini hakuna asemaye.

Kwa wale hawajui, kayaki siku hizi zimezagaa. Zile za plastiki za kukalia juu, ambazo zamani ulikuwa waziona Nyali kwa wageni wa hoteli tu, sasa zauzwa kuukuu na vijana wa Mikindani, Junda, Mishomoroni mpaka Mtwapa huko wachanga wawili watatu wanunua moja. Na kusema kweli kwa kazi ya kaa ni chombo kizuri sana, haitaki mafuta, yapita kwenye vijia vya mikoko ambavyo mashua haiingii, na maji yakipwa ukabaki kwa tope waiburuta mwenyewe. Lakini ni nyembamba na ni nyepesi. Kwenye mtumbwi mkubwa ukivuta mtego upande huu mwenzako ahamia upande wa pili, chombo chatulia. Kwenye kayaki uko peke yako, wewe ndio nahodha, wewe ndio baharia na wewe ndio winchi, sasa ukijifungia mtego wa kilo kumi na mbili na tope lake ukaanza kuuvuta ubavuni, hapo ni lini tu utaingia majini.

Hii tabia ya kutia mawe mitegoni imetoka kwa wazee wetu na wao walikuwa na sababu. Dema, ule mtego wao wa zamani, lilisukwa kwa fito na mianzi, na mti waelea, kwa hivo bila mawe ndani dema halishuki chini, na lilikuwa lashushwa kutoka kwa dau au mtumbwi ambao una watu na una nafasi. Mtego wa siku hizi ni wavu wa waya au nyuzi juu ya fremu ya chuma, huo wazama wenyewe hata bila jiwe. Kwa hivo uzito tunaouongeza sio wa kuuzamisha, ni wa kuufanya utulie pale chini usihame na usipinduke. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na hesabu zake ni tofauti, lakini vijana wetu wamerithi jiwe bila kurithi dema.

Hebu tuanze na uzito wenyewe. Watu wapima mtego nchi kavu, wauinua mkononi, wasema eeh huu uko sawa. Lakini mtego haufanyi kazi nchi kavu. Kitu chochote kikiingia majini chapungukiwa na uzito sawa na uzito wa yale maji kiliyoyasukuma, haya tulisomeshwa shuleni tukasahau. Sasa chukua konkriti kilo moja uitie baharini, yabaki kama gramu 570 tu. Chuma kilo moja chabaki kama gramu 870. Lile jiwe letu la matumbawe la kujengea, lile lina vishimo vishimo, ndio bure kabisa, ni jepesi kuliko konkriti na likishuka kavu, hewa ingali vishimoni, chini ya nusu tu ya uzito wake ndio hufanya kazi chini ya maji. Kwa hivo kijana abeba jiwe la kilo sita kwenye kayaki, apiga nalo kafi mpaka ndani mikokoni, alishusha, na kule chini, mpaka vishimo vijae maji, lafanya kazi kama ya kilo mbili na ushee. Na wakati wa kuvuta mtego ukishatoka kwenye maji zile kilo sita zarudi zote pamoja na maji yaliyoingia kwenye vile vishimo, na hapo ndipo kayaki iko kwenye hali mbaya zaidi. Yaani jiwe ni jepesi wakati walitaka zito na ni zito wakati walitaka jepesi.

Chuma ndio jawabu, na sio chuma kingi. Chuma cha ujenzi cha milimita 10 kina uzito wa kama gramu 617 kwa mita moja, cha milimita 12 ni gramu 888, hizi ziko kwenye chati ya duka lolote la hadiwea uliza. Mtego mdogo wa sentimita 45 kwa 45, ukiuzungushia chuma cha 10 chini kote ni mita moja na sentimita themanini, yaani kilo moja na gramu mia moja hivi, na ndani ya maji yabaki karibu kilo nzima. Hio kilo moja kwa ndani ya kriki, mahali maji yametulia, yatosha. Mahali pana mkondo kidogo weka cha 12 utapata kama kilo moja na nusu, ama ongeza vipande viwili vya kukatiza chini ufike kilo mbili. Kama kilo mbili hazitoshi basi sio mtego mwepesi, ni mahali umechagua, hama.

Sasa najua kuna mtu atasema ah, mimi niliweka kilo mbili na mtego ukaenda zake, nikautafuta mpaka Makupa. Na hapa ndipo nataka mnisikize vizuri, manake kwa maoni yangu hii ndio sababu kubwa ya mawe yote haya na watu hawaioni. Mtego wako ulibebwa na boya.

Angalia boya wanazotumia. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, umefungwa kifuniko vizuri, umepakwa rangi ukaonekana mpaka ng'ambo ya pili. Mtungi wa lita tano ukizamishwa wasukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo tano. Mtego wako chini una kilo moja, mbili ukipenda. Na bahari yetu Mombasa si ziwa, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji hapa yapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Umeshusha mtego maji yamepwa, kina mita tatu, ukaweka kamba ya mita tano ukaona ni nyingi. Maji yajaa, kina chafika mita sita na zaidi, kamba imeisha, mtungi waanza kuvutwa chini na wenyewe hautaki, una kilo tano za kugombana na kilo mbili, nani atashinda? Mtego wanyanyuliwa kutoka kwa tope taratibu, mkondo wauchukua, na asubuhi uko Makupa. Kijana hajui hayo, yeye asema mtego ni mwepesi, aongeza jiwe la kilo sita. Na hilo jiwe kama nilivyosema lina kilo mbili na ushee chini ya maji, bado mtungi washinda, aongeza la pili. Basi ndio umeona mtego una mawe matatu na mwenye mtego ana maumivu ya mgongo.

Dawa ni boya dogo. Chupa ya soda ya nusu lita, ile ya plastiki, yavuta kwa nusu kilo tu, haiwezi kunyanyua mtego wa kilo moja hata ikizama yote. Ikitokea kamba imekuwa fupi, chupa yazama, wewe wangoja maji yapwe itatokea yenyewe, mtego uko pale pale. Kama ni ndogo machoni funga kitambaa chekundu ama kata vipande vya ndara kuukuu uvishone kwenye kamba, ndara zaelea vizuri na kwenye fukwe zetu hazikosekani. Sheria ni moja, boya lisivute kuliko mtego unavyovuta chini. Na kamba iwe ya kutosha kina cha maji yakiwa yamejaa, sio yakiwa yamepwa, na uongeze nusu yake juu ili isisimame wima. Angalia kalenda ya maji kabla hujakata kamba.

Lakini kamba yenyewe nayo. Ile ya plastiki ya buluu ama kijani yaelea, na kamba ndefu inayoelea wakati maji yamepwa ni mtego wa pili, huu wa kunasa injini za boti na kasa, hata miguu yako mwenyewe ukianguka. Kule jimbo la Washington, Marekani, ambako watu wengi huvua kaa kwa vyombo vidogo, sheria yasema kamba ya mtego lazima iwe na uzito wa kuifanya isielee juu ya maji. Huku hatuhitaji kungoja sheria. Tumia nailoni ambayo yazama, na kama una hio ya plastiki tu, funga nati moja kubwa pima moja chini ya boya, yatosha kuikalisha. Nyembamba lakini, milimita nne ama tano, manake kamba nene ndio mkondo waishika, ijapokuwa nyembamba sana nayo yakata mikono, hapo kila mtu na viganja vyake.

Nakuja kwa risasi, yaani ile madini, sio ya bunduki. Kuna wanaosema chuma chashika kutu, bora risasi, ni nzito na ni ndogo, na wavuvi wa mshipi wana chubwi za risasi, vile vizito vya mshipi, tangu zamani. Hesabu ni kweli, risasi kilo moja yabaki gramu 910 ndani ya maji, na kipande chake ni kidogo. Lakini hawa vijana hawanunui chubwi, wao wapasua betri kuukuu za gari na kuyeyusha zile sahani kwenye sufuria nyuma ya nyumba, watoto wamezunguka. Sisi watu wa Mikindani! Wallahi sisi ndio wa mwisho wa kufanya hivo. Owino Uhuru iko hapa hapa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia watu sumu ya risasi, watoto waliugua, mama Phyllis Omido akasimama mpaka dunia ikamsikia akapewa tuzo ya Goldman mwaka wa 2015, na mwaka wa 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Haya yote yalitokea mlangoni kwetu halafu leo tuyeyushe betri jikoni ili tupate uzito wa gramu arobaini zaidi? Hapana. Risasi wacheni, na kama mtu ana mtoto mdogo ndio kabisa asiguse.

Kutu ni kweli ipo lakini yazuilika. Chukua mpira wa maji wa bustani uliopasuka pasuka, kuna mafundi wautupa, kata urefu unaotaka, penyeza chuma ndani, ziba ncha kwa kuziyeyusha kidogo ama kwa gundi ya paipu. Hio yasaidia mambo mawili, chuma hakishiki kutu haraka na hakigusani na waya wa mtego. Hilo la pili watu hawalijui. Ule waya mweupe wa mabati umepakwa zinki, ukigusana na chuma kitupu ndani ya maji ya chumvi, zinki ndio huliwa kwanza, kwa hivo waweka uzito wa bure na ndani ya miezi waya wako wote umeoza wakati chuma kiko sawa. Mpira ukiwa kati yao hawagombani. Na fungeni kwa uzi wa nailoni, sio zile zip tai nyeupe, jua la Mombasa lazimaliza zavunjika kama biskuti.

Msiniulize chuma mtakitoa wapi. Vipande vya mwisho wa jengo viko kila saiti, muombe fundi vizuri atakupa. Cheni kuukuu za baiskeli pia nzuri sana, zajikunja kufuata fremu, fundi baiskeli anazo ndoo nzima. Lakini msije mkang'oa vifuniko vya mitaro ya kaunti mkasema yule wa gazetini ndio alitutuma.

Sasa wapi pa kuuweka. Uzito wote uwe chini, kwenye fremu ya chini, na usambae kuzunguka. Mtego ukiwa na uzito juu ama upande mmoja washuka ukigeuka na wakaa kwa ubavu, mlango waangalia juu mbinguni, kaa apita nje anusa chambo akizunguka tu hana pa kuingilia. Wengine wafunga madude manne mazito kwenye pembe nne, hio kwa mchanga ni sawa, lakini kriki yetu ni tope, tope lile la mikoko la kuzama mpaka magoti, na uzito uliokusanyika mahali padogo wachimba wazama. Mtego waingia sentimita kumi ndani ya tope na mlango waziba. Chuma kilicholala kuzunguka fremu yote chakanyaga mahali pengi, hakizami hivo. Mahali pa tope laini zaidi mimi huweka vijiti viwili vya mkandaa vimekatiza chini ya fremu, mtego wakaa juu yake.

Mawe ya kutupia ndani ya mtego ndio msifanye kabisa. Yaviringika mtego ukivutwa, yampiga kaa, yavunja gando. Na nyote mwajua mnunuzi akiona kaa hana gando moja bei yaporomoka hata kama ni mkubwa vipi.

Mkondo. Watu wa kriki mwajua bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati ndio maji mafu. Lakini labda hamjui ni kiasi gani kwa mtego: mkondo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuusukuma mtego haizidi mara mbili, yazidi mara nne. Kwa hivo mtego uliotulia vizuri maji mafu, kwa bamvua ni mambo mengine, na kule kukimbizana na mkondo kwa mawe hutashinda. Punguza mwili wa mtego badala yake. Mtego mfupi wa sentimita 20 kwenda juu washikwa na mkondo kidogo kuliko wa 40, na kaa wetu wa mikokoni hahitaji dari. Wavu wa matundu makubwa wapitisha maji, na vikaa vidogo vyatoka vyenyewe, faida mara mbili. Mwani ukiushika mtego utoe, mtego uliojaa mwani ni kama tanga. Halafu usitege katikati, tega kandokando karibu na mizizi ambako ndiko kaa wanakopita usiku, na pale mdomoni chini ya daraja la Nyali ambapo maji mengi ya kriki hupita hapo hapo wachieni wenye injini. Kilindini na njia ya meli sitaki hata kuzungumza, huko hakuna cha mtego, meli haikuoni.

Kuvuta nako. Ngoja maji yasimame, yakiwa yamejaa ama yamepwa, ile nusu saa ya utulivu, usivute maji yakikimbia. Keti na miguu imening'inia pande zote mbili majini, hio ndio yaleta utulivu, na kamba uilete mbele katikati ya magoti yako, sio ubavuni. Mtego wa sanduku wenye milango ya kuingilia usiufunge kamba katikati juu, ufunge upande mmoja, ukivuta upande huo wanyanyuka kwanza na tope laachia, manake tope lashika mtego kuliko uzito wake wenyewe. Ile mitego ya duara ya wavu inayofunguka chini hio ni lazima uivute sawasawa na kwa haraka, la sivyo kaa ashuka zake. Ukihisi umekwama usiung'ang'anie, acha kamba, rudi na upande mwingine. Usifunge kamba kwenye kayaki hata siku moja wakati mkondo wapita, na uwe na kisu mahali mkono wafika. Laifu jaketi ivaliwe, sio ikaliwe. Na kaa akishaingia afungwe magando kabla ya kitu kingine chochote, kaa wetu wa matope mkubwa apita kilo moja na miguu yako iko mitupu pale pale mbele yake.

Mitego ikibebwa ilale bapa chini, hii ya kukunja ndio nzuri, na vyuma ukiweza vifanye vya kutolewa, uvilaze katikati ya kayaki karibu na kiti mpaka ufike. Mitego mitano imepangwa juu kwa juu na mawe yake nyuma ya mtu, nimeona jamaa amepita hivo Mikindani, mawimbi ya boti moja tu ya injini yalitosha.

Jambo la mwisho kwa mtego wenyewe. Hata ukifanya yote haya kuna siku utapotea, na mtego wa waya uliopotea waendelea kuvua bila mwenyewe, kaa aingia afa, huyo aliyekufa awa chambo cha mwingine. Kule Washington nilikotaja wamelazimisha mtego uwe na sehemu imefungwa kwa uzi wa pamba ambao waoza, mlango wafunguka wenyewe. Sisi tuna katani, tena ya kwetu Kenya. Fungeni upande mmoja kwa uzi mwembamba wa katani mubadilishe kila mara ukianza kulegea. Na majike wenye mayai warudisheni, hilo hata sio la kubishana.

Sasa Mhariri, kilichonisukuma kuandika. Kuna kikundi cha vijana huku kwetu walipewa mitego na wafadhili fulani, sitawataja manake nia yao ilikuwa nzuri na vijana wameshukuru. Mitego yenyewe imara, imechomelewa vizuri, lakini chini imemwagwa sahani ya konkriti na juu ikafungwa mitungi ya lita tano, kila mmoja mwanamume mzima auinua kwa mikono miwili. Halafu wakapewa na kayaki za kuitumia! Aliyeichora hio mitego alikuwa afikiria boti yenye injini na watu watatu, sina shaka. Matokeo yake mitego iko nyuma ya banda yafugiwa kuku, na vijana wamerudi kwa kulabu kuchokoa mashimo.

Ombi langu kwa wafadhili, kwa ofisi za uvuvi na kwa BMU zetu, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambazo ndizo hupitisha hizi shughuli: kabla ya kununua mitego hamsini nunueni mmoja. Uning'inizeni kwenye mizani ya wauza samaki, muushushe gatini mpaka uzame, msome uzito ukiwa ndani ya maji, halafu muulinganishe na boya. Baadaye yule aliyeichora aketi kwenye kayaki auvute mwenyewe, mara moja tu, mbele ya vijana. Na hii iliyokwisha gawanywa isitupwe. Konkriti ivunjwe kwa nyundo, ni kazi ya asubuhi moja, fremu zibaki, ziwekwe chuma cha 10 ndani ya mpira kuzunguka chini, mitungi wapewe kina mama wa sokoni wawekee mafuta. Kama BMU yataka mtu wa kuonyesha namna ya kufunga, mimi na wenzangu tuko hapa maji yakijaa na yakipwa, na hatutaki posho, tutataka chai tu.

Mvuvi wa kaa,
Mikindani, Mombasa